Hasira na Maji ya Kibuyu

Baba mdogo Masunga alisema sitaweza. Alilisema mbele ya ukoo mzima, siku ninaondoka Shinyanga na sanduku la mbao kwenda Uganda kutafuta elimu: kwamba mchunga ng'ombe mwenye magaga miguuni hawezi kuwa karani, na kwamba nitarudi nimevaa suruali na njaa. Mwalimu wa misheni aliongeza kwamba kichwa changu kinafaa sana kubebea kuni. Jirani yetu mmoja, ambaye hakuwahi kufika hata Tabora, alieleza kwa kirefu jinsi Uganda inavyowashinda watu. Nawashukuru wote. Niliondoka na ushauri mwingi kuliko nguo.

Nilirudi baada ya vita. Suruali nilikuwa nayo, hapo Baba mdogo alipatia. Njaa sikuja nayo. Nilikuja na diploma ya chuo, niliyojisomesha mwenyewe kwa kupima pamba mchana kwenye kiwanda cha Mhindi na kusoma jioni. Nikaitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika ukutani mahali ambapo mgeni yeyote akiketi ni lazima aione. Baba mdogo alipokuja kunisalimia aligeuza kiti, akaketi akiupa ukuta mgongo, akauliza kama karatasi hiyo inaliwa. Neno hilo nikaliweka pamoja na yale ya kwanza. Nina kumbukumbu nzuri, hata chuoni walinisifu kwa hilo.

Sasa ninyi vijana mlionirithi kazi ya ukalimani wa mahakama mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Sijasahau, lakini nitaandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana havimfundishi mtu chochote isipokuwa wivu. Nitaandika juu ya neno moja. Katika miaka yangu yote ya kusimama katikati ya Mzungu na Msukuma, sikuona neno lililopewa kazi nyingi na kuzifanya kwa uvivu kama neno hasira.

Siku yangu ya kwanza kwenye boma la Shinyanga nilikabidhiwa kwa Mzee Ramadhani, mkalimani wa zamani, mtu wa Tabora, mwenye kanzu nyeupe ambayo haikuwahi kushika vumbi hata kiangazi. Diploma hakuwa nayo. Hilo nilimkumbusha kila nilipopata nafasi, naye kila mara alijibu, "Hongera, baba," kisha akanituma nikajaze maji jagi la hakimu.

Alinifundisha kusimama upande, ili hakimu na shahidi wote waone mdomo wangu. Alinifundisha kutomkatiza shahidi wa Kisukuma anayeanza kesi ya ng'ombe kwa kutaja mama wa ng'ombe huyo na bibi yake, maana huko ndiko ushahidi uliko. Na alinifundisha sheria aliyoiona kubwa kuliko zote: shahidi akisema "mimi", nawe useme "mimi". Akisema "niliiba", useme "niliiba". Ukisema "anasema aliiba", umeshajitoa kwenye maneno yake, umekuwa mtu wa tatu, na mahakama haikukuajiri uwe mtu wa tatu.

Kwa hiyo siku hiyo ya kwanza nilisimama mbele ya umati wa watu walionijua tangu nikichunga, nikatangaza kwa sauti safi kwamba niliiba dume la jirani yangu na kulila pamoja na shemeji zangu. Mshtakiwa alikuwa pembeni yangu, lakini watu walikuwa wananitazama mimi. Kufikia jioni kijiji chetu kilikuwa na habari kwamba yule wa Uganda amekiri wizi. Baba mdogo Masunga ndiye aliyeipeleka habari, akisikitika njia nzima.

Ilinichukua muda mfupi tu, kwa mtu wa kiwango changu, kuona ubovu wa neno hasira. Mwanamume amempiga mkewe: hasira. Mzee amechukuliwa mifugo yake: hasira. Mjane hali, hasemi, amejifungia ndani tangu mazishi: naye akaandikwa ana hasira. Kila moyo uliopita pale bomani ulivishwa neno hilo moja, kama wafungwa wanavyovishwa kaptura za saizi moja, kisha mimi nikaligeuza kwa Kiingereza likawa lile lile moja siku zote. Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya aliyesikiliza kesi zetu, alilipenda. Lilikuwa fupi na halikumaliza wino.

Mtu ambaye hakusoma angeridhika. Mimi nilikwenda kwa Mzee Nasoro, Mwarabu wa duka la nguo karibu na stesheni, nikamwuliza neno hili lilitoka wapi. Alikuwa anakunja kaniki. Hakuinua uso.

"Hilo ni letu," akasema. "Mlikopa, mkaliharibu. Kwetu hasra ni majonzi ya mtu aliyepotelewa. Mwenye ghadhabu anataka kupiga. Mwenye hasra anataka kurudishiwa, na hakuna wa kumrudishia."

Nikamwuliza na hamaki je.

"Hamaki asili yake ni upumbavu," akasema. "Hilo hamkuliharibu sana."

Kutoka hapo nikaenda kwa bibi yangu, Bibi Nyanzala, mama wa baba yangu na wa huyo Masunga. Nilitaka kujua Kisukuma kinasemaje, maana nilikuwa nimekaa mbali muda mrefu, na misheni kabla ya hapo walikuwa wametuonya tusikiulize Kisukuma maswali mengi. Bibi alinitajia maneno mawili. Bupelanu ni ule moto unaoshika na kuzimika. Busungu ni uchungu, kama nyongo iliyopasuka ndani ya nyama. Huo ndio wa mfiwa. Hautaki kumpiga mtu, akasema, unataka kutolewa.

Na unatolewaje? Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chombo kikiwa na ufa. Akanikumbusha jambo nililoliona utotoni: mwenye uchungu anakwenda kwa yule anayemwonea uchungu, anaomba maji ya kibuyu, anayashika mdomoni, anayatema chini mbele yake, anasema, "Sina." Na yule mwenziwe naye anatema. Hapo yamekwisha. Anayetema huku bado ameficha kitu moyoni, tumbo humvimba akafa, kwa hiyo mwongo huyashika mdomoni lakini kutema hawezi. Misheni walituambia ni uchafu, nami niliwaamini kwa sababu wao ndio waliokuwa na sabuni. Nilimsikiliza Bibi kwa heshima yote ya mwenye diploma, yaani nusu.

Mwaka haukupita nikaitwa Geita. Hakimu wa huko alikuwa na kesi nzito ya wachimbaji wa mgodi na hakuwa na mtu mwenye Kiingereza na Kisukuma vyote viwili. Waliulizia mtu aliyesoma, wakapewa jina langu. Sijui walitegemea kupewa la nani.

Nilipanda lori la pamba kupitia Kahama na Ushirombo. Kwenye kizuizi cha mbung'o tulishushwa sote, na watu wenye nyavu za vijiti wakatupangusa migongo kuhakikisha hatusafirishi nzi. Mimi nilikuwa na koti jeusi la mahakama na tai. Walinipangusa mara mbili, kwa heshima. Katoro siku hizo haikuwa na cha kumwonyesha mtu zaidi ya kibanda cha chai. Ninyi mnaoijua leo hamtaniamini, na sioni sababu ya kubishana.

Kesi ilikuwa hivi. Mabula, mchimbaji, mtu wa kwetu Shinyanga, alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Shija, nao wote walifanya kazi shimoni chini ya nyapara mmoja, Luhende. Mwamba ukaanguka ukamwua Shija. Makaburini, mbele ya watu, Mabula akasema ana busungu na Luhende. Baada ya wiki kadhaa, asubuhi moja ya mvua kubwa, nyumba ya Luhende iliungua, na mkewe Holo akaunguzwa mkono. Mabula akakamatwa. Hakimu akiona ushahidi unatosha, angepelekwa Mahakama Kuu, na kule adhabu ya kuchoma nyumba yenye watu ndani ilikuwa kufungwa hadi kufa. Mabula alikuwa na mke, na sasa na mjane wa mdogo wake, na watoto wa pande zote mbili. Alisimama kizimbani akiwa na kaptura ya mgodini, hakumtazama mtu.

Askari aliyechunguza alikuwa kijana wa pwani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri sana, kizuri hata hakuhitaji kuelewa alichokuwa anaambiwa. Alisoma maelezo yake kwa madaha. Mshtakiwa alitangaza makaburini kwamba ana hasira na nyapara. Baadaye alimfuata nyumbani kwake akamtemea mate mbele ya mkewe. Kisha nyumba ikaungua. Hakimu, Mzungu mwembamba mwenye kiko, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kesi ilikuwa imejipanga yenyewe kama ngazi.

Shahidi wa kwanza alikuwa Holo, mkono ukiwa na bandeji. Aliapa, akasimulia kwa Kisukuma, polepole. Mabula alikuja. Akaamkia. Akaomba maji. Nami nikatafsiri kama nilivyofundishwa: "Nilimpa kibuyu. Akayashika maji mdomoni, akayatema chini."

Hakimu akainua kalamu. Akasema maelezo ya polisi yanataja mate, tena aliyotemewa mumewe.

"Mate, maji, yote ni kutema, Bwana," akasema askari.

Hakimu akanigeukia. Mkalimani hana ruhusa ya kusema lake mpaka aulizwe. Aliniuliza: je, kuna tofauti?

Mgongo ulinilowa ndani ya lile koti. Nikajibu kwamba ipo. Nikamweleza desturi ya maji tangu mwanzo hadi mwisho, kwa Kiingereza ambacho hata yeye alikisikiliza vizuri. Akauliza kama nina maana kwamba mtu aliyetangaza hasira makaburini hakuwa na hasira.

"Neno alilolileta yeye makaburini ni la msiba, Bwana," nikasema. "Hasira tulimpa sisi wa bomani, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa nayo stoo. Na hata hiyo, wenyewe walioileta kutoka Uarabuni waliileta ikiwa majonzi."

Hakimu akavuta kiko. Akasema anashukuru kwa somo, lakini maelezo ya mkalimani si ushahidi. Kama mshtakiwa alikwenda kupatana, aliyepatana naye ataapa na kusema. Akamwita Luhende.

Luhende aliingia na viatu vya ngozi, mtu mnene, mwenye sauti ya kuwaita watu kutoka chini ya ardhi. Akaapa. Akaulizwa juu ya maji.

"Maji siyakumbuki," akasema. "Alinitemea."

Nami, kwa sheria ya Mzee Ramadhani, ilinibidi niliseme hilo kwa mdomo wangu mwenyewe: siyakumbuki, alinitemea. Nimesema mengi mahakamani, hata wizi wa dume, lakini hilo lilinikwama. Holo, kwenye benchi, alikuwa anaitazama bandeji yake. Hakimu akaanza kuandika, na nilijua anaandika nini, maana nilishamwona mwingine Shinyanga akiandika hivyo, kwa mistari mirefu isiyo na haja ya kuuliza tena.

Hapo Mabula akasema kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Naomba maji."

Nikatafsiri: "Naomba maji." Hakimu, bila kuinua kichwa, akaonyesha jagi lililokuwa mezani kwake. Alidhani mtu ana kiu. Tarishi akamjazia bilauri.

Mabula akatia funda moja mdomoni, hakumeza. Akamgeukia Luhende, akatema maji chini kwenye sakafu ya mahakama, karibu na vile viatu vya ngozi. Askari akaruka. Hakimu akasimama. Mabula akasema neno moja.

"Sina," nikatafsiri.

Kisha akainyoosha bilauri kuelekea kwa Luhende, akaishikilia hapo.

Hakimu angeweza kuifunga mahakama, na mwingine angefanya hivyo. Huyu, sijui ni udadisi au ni uchovu, alikaa chini akasema shahidi akitaka kunywa na anywe. Wasukuma wote mle ndani walikuwa wameacha kukohoa. Luhende alikuwa nyapara, alikuwa na viatu, alikuwa na kiapo cha Kizungu alichokwisha kula asubuhi ile bila taabu yoyote. Akaichukua bilauri kwa namna ya mtu anayedharau. Akatia funda mdomoni.

Mashavu yakajaa. Akamtazama Mabula. Akaitazama sakafu. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso, na maji bado yako mdomoni.

"Anasubiri nini?" akaniuliza Hakimu.

"Anasubiri tumbo lake limpe ruhusa, Bwana."

Luhende akameza. Tulilisikia koo lake.

Kutoka kwenye mabenchi ilisikika pumzi moja ndefu, na mzee mmoja akafunika uso kwa kofia. Holo ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu anayemwambia mumewe jambo jikoni, "Baba Kulwa, waambie. Ni yale mawe ya taa. Nilikuambia uyatoe, paa linavuja."

Luhende akaketi bila kuruhusiwa. Akasema, nami nikasema naye, mimi kwa mimi: "Alitema, nami nikatema. Mdogo wake nilimrudisha mimi shimoni wakati mwamba unalia. Aliposema hana uchungu tena, nililia." Na yale mawe? Yalikuwa yale ya kijivu yanayotiwa kwenye taa za karabai za wachimbaji, ambayo yakishika maji hutoa hewa inayowaka. Alikuwa anayatoa mgodini kidogo kidogo na kuyauza, na debe zima alilificha chini ya kitanda. Mvua iliingia kwa paa, moto wa asubuhi ulikuwa jikoni, mengine yalikwenda yenyewe. Aliona ni heri Mabula aozee gerezani kuliko mgodi ujue mawe yake yanalala wapi. Kwa nyapara, hesabu hiyo ilikuwa rahisi. Maji tu ndiyo yaliyomshinda.

Mabula aliachiwa siku hiyo hiyo. Luhende alitoka kwa mlango mwingine, na yule askari wa pwani ndiye aliyemsindikiza. Hakimu alikusanya karatasi zake, akaniambia, "Mkalimani, tafuta mtu afute sakafu." Nimehudumu chini ya mahakimu wengi na hiyo ndiyo pongezi kubwa niliyopata kwa yeyote kati yao.

Nje, Mabula aliniamkia, tukazungumza habari za kwetu. Akauliza mambo ya maji nilijifunza wapi. Nikamwambia kwa bibi yangu. Akasema hakujua kwamba siku hizi hilo nalo wanalitolea diploma.

Nilirudi Shinyanga nikijua nina wadai. Si wa fedha. Fedha sikuwahi kukopa kwa mtu, na hilo liandikwe. Nilianza na Mzee Nasoro. Nikamwambia lile neno lake lilionekana Geita, makaburini, likiwa zima, halijaharibika. Akaniwekea kahawa na tende. "Basi tumerudishiana," akasema, akaendelea kukunja kaniki.

Mzee Ramadhani alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Hakusifu. Aliuliza swali moja tu. "Yule aliposema 'sina', wewe ulisema 'sina' au ulisema 'anasema hana'?"

"Nilisema 'sina', Mzee."

"Basi," akasema. "Hongera, baba." Safari hii hakunituma maji.

Akabaki Bibi. Nilimkuta anapepeta uwele. Nikamwamkia mwangaluka, nikakaa chini, nikamsimulia yote, na sikupunguza sehemu yangu. Alipomaliza kucheka juu ya mashavu ya Luhende akaniuliza, "Na wewe?"

"Mimi nini, Bibi?"

"Ulikopa kwangu neno na maji. Neno umelirudisha, ng'wana wane. Maji bado." Ng'wana wane ni mwanangu, na Bibi hakulitumia ovyo. Akampigia kelele mtoto wa jirani amwite Masunga.

Baba mdogo alikuja akijikongoja. Magaga sasa yalikuwa ya kwake. Nilisema shikamoo, akasema marahaba, tukakaa tukitazamana kama mashahidi wa pande mbili. Bibi akaweka kibuyu katikati. Hakueleza.

"Nilisema utarudi na suruali na njaa," akasema Baba mdogo.

"Suruali ulipatia," nikasema.

Akatia funda mdomoni, akatema, akasema hana. Ilimtoka upesi kama mtu anayesukutua. Nami nikachukua kibuyu. Maji yalikuwa na ladha ya moshi. Niliyashika mdomoni, na humo humo mdomoni nikayakuta maneno yote, magaga, kuni, dume la jirani, karatasi inaliwa, yamekaa kwa mpangilio mzuri kama nilivyoyaweka. Nilikuwa nimeyatunza vizuri mno. Mashavu yakaanza kuuma.

"Usimeze," akasema Bibi.

Nikatema. Nikasema sina, na sikuwa na mtu wa kunitafsiria.

Kesho yake Baba mdogo alikuja kwangu bila kualikwa. Akakishika kile kiti, akakigeuza, akaketi akiutazama ukuta. Akaitazama ile karatasi kwa muda. Kisha akaniambia nimsomee inasema nini. Nikamsomea yote, pamoja na sahihi.